Cherehani Inyamaze, Injinia Anatoa Maoni

Mume wangu anaandika programu za kompyuta, na ghorofa nzima humwita Injinia. Mimi namwita Baba Pacha, kwa sababu hao pacha najua walivyopatikana. Ujuzi wake pia najua ulivyopatikana. Miaka yote aliyokuwa anasoma, mimi nilikuwa nimeinama kwenye cherehani nashona sare za watoto wa watu, mpaka mgongo ukasahau kunyooka. Shule mimi niliishia madarasa ya chini. Sikulalamika. Nilijua tukitoka kimaisha, tutatoka wote.

Ametoka peke yake.

Bosi wake ni mwanamke. Sijawahi kumwona, ila sauti yake naijua kuliko ya dada yangu, maana inasikika sebuleni kwangu kila asubuhi. Wana utaratibu wao kazini. Bosi hutuma makala, leo kuhusu kutengeneza programu, kesho kuhusu kuongoza timu, na kila mmoja hurekodi maoni mafupi kwenye simu kabla kazi haijaanza. Baba Pacha hurekodia mezani kwangu, katikati ya vitambaa vyangu. Ananiinulia kidole. Maana yake cherehani inyamaze.

Basi nanyamaza, nasikiliza.

"Makala hii imenigusa," anasema, sauti laini kama ya mchumba. "Kitu kikiharibika, tusiulize nani kaharibu. Tuulize kimeharibikaje, tusaidiane."

Jana yake tu waya wa pasi ulikuwa umeungua, na majirani wote walisikia: "Nani kaharibu pasi? Mama Pacha, ni wewe?"

Siku nyingine akasema kiongozi mzuri husikiliza kwanza. Huyo huyo ambaye nimemweleza habari ya bomba la jikoni mpaka bomba lenyewe limechoka kuvuja.

Na yule mwanamke hujibu: "Injinia, wewe una moyo wa pekee."

Hapo mume wangu anacheka, meno yote nje. Kicheko kile mara ya mwisho kilipokuwa changu, pacha walikuwa hawajazaliwa. Nina wivu, sifichi. Si wivu wa kitanda. Mwizi wa kitanda ningemjua. Huyu anapewa maneno. Kila asubuhi sentensi mbili nzuri zinatoka kinywani mwa mume wangu, zinapita juu ya kichwa changu, zinakwenda kwake. Mimi nilitaka moja tu.

Juzi makala ilihusu kuwashukuru wenzako ambao kazi yao haionekani. Baba Pacha aliisoma kwa sauti, akavua miwani, akaifuta. Kisha akainua kidole. Nikasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Nikajiambia, leo hapiti bila kunitaja.

Akamshukuru bwana anayejaribu programu kabla hazijatoka. Akamshukuru mlinzi wa mlangoni. Akamshukuru bosi, tena mara mbili.

"Na aliyekuwa anashona wewe ukisoma?" nikauliza.

Akashtuka, kidole gumba kikaachia kitufe cha kurekodi. Ujumbe ukaenda na sauti yangu ndani yake.

"Mama Pacha! Umefanya nini?"

"Uliza kimeharibikaje, mume wangu. Tusaidiane."

Papo hapo simu ikalia. Bosi alikuwa anacheka, na kicheko chake ni kizuri, siwezi kumsingizia. "Injinia, huyo anayeongea hapo ni nani?"

Baba Pacha akanitazama. Nikashika kitambaa kwa mikono miwili. Lilikuwa jibu la neno moja. Hata pacha wangelijua.

"Samahani kwa kelele, bosi," akaiambia simu. "Ni fundi wa nguo tu."

Nikakanyaga cherehani. Akainua kidole, nikakanyaga. Akainua mkono mzima kama askari wa barabarani, nikakanyaga mpaka meza ikatetemeka.

Siku hizi anatolea maoni yake nje kwenye ngazi, watoto wa jirani wakimruka miguu. Ile sauti laini bado naisikia kupitia mlangoni, na bado inaniuma.

Jana jioni akaja na shati limefumuka kwapani. Leo ana mkutano na bosi.

"Mama Pacha, nishonee haraka basi."

"Mama Pacha hashoni," nikamwambia. "Muulize fundi. Naye ana wateja wake, panga foleni."

Asubuhi hii ametoka amebana mkono kwapani kama mwenye jipu.