Nitachezea Kenya

Timu ya kriketi ya Kenya niliipendea jikoni. Nilikuwa mpishi wa klabu moja ya michezo kule Mombasa, na dirisha nililokaangia sambusa lilitazama uwanjani. Wakati wa chai wachezaji walikuja na suruali nyeupe zenye vumbi magotini, wakala, wakabishana, wakarudi juani. Shule niliiacha darasa la tatu, na mchezo ule nilijifunza kwa masikio. Mpira ukigonga gongo sawasawa una mlio wake, vijiti vya nyuma ya mpigaji vikiangushwa vina wao, na mrushaji anayedai mpigaji ametoka, yaani zamu yake imekwisha, hupiga ukelele kama aliyekanyaga kaa la moto. Mikono yangu ilikuwa kwenye karai, masikio yalikuwa nje.

Baadaye timu ya taifa ikaanza kuwaangusha wakubwa. Redio yetu ilikaa juu ya pipa la unga. Walipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia nilitoka mpaka barabarani na mwiko mkononi, na mwenye duka la vitambaa, Mhindi mmoja ambaye miaka yote alikuwa hanisalimii, akaniambia, "Mama, tumewapiga!" Mimi na yeye, tumewapiga. Nilirudi jikoni nikaunguza sambusa sinia zima na hakuna aliyenigombeza.

Kisha timu ikashuka, ikashuka mpaka magazeti yakaacha kuiandika. Waliokuwa wakipiga kelele wakahamia mpira wa miguu wa Uingereza. Mimi sikuhama. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniambia, "Wewe mwanamke unapenda maiti." Nikamjibu, "Si ndiyo maana niko nawe."

Sasa naishi Scarborough, Kanada, na mwanangu wa kiume. Kina mama tunaokutana nao baada ya sala ya Ijumaa huniona nina kasoro. "Shoga, mchezo gani ule, watu wamesimama tu kama wanangoja basi la Kingston Road kwenye theluji?" Nacheka nao. Nikifika nyumbani mwanangu ananiwekea kriketi kwenye tableti, Kenya wanacheza na nchi ambazo hata sijui ziko wapi, wanashindwa, nami chai inapoa mkononi.

Aliyeambukizwa ni mjukuu wangu wa kike, binti wa huyo mwanangu. Nilimfundisha kurusha tangu mdogo, kwenye ukumbi wa ghorofa yetu, kwa soksi zilizoviringishwa. Alipokua akakuta shule imejaa watoto ambao wazazi wao wametoka Lahore na Colombo, wote wanaujua mchezo, na mimi nikawa sina tena cha kumfundisha. Akawa ananifundisha yeye. Kiswahili anakisikia chote. Nikisema lete maji, maji yanakuja, ila jibu linakuja kwa Kiingereza. Nimezoea. Nyumba yetu inazungumza hivyo, kila mtu na lugha yake, na tunaelewana.

Kwa hiyo jioni ile alipoingia na viatu mkononi, jasho halijakauka, akasimama mbele yangu akasema kwa Kiswahili, nilijua hili ni jambo kubwa.

"Nyanya! Nitachezea Kenya!"

Sikumngoja amalize. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Nikamkumbatia, nikalia kidogo, nikampigia simu dada yangu Mombasa. Huyo naye hana dogo, kabla ya kulala mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba mtoto wetu wa Kanada ameitwa na timu ya taifa. Ijumaa iliyofuata nikawaambia kina mama na sikuwaambia polepole. Yule wa basi la Kingston Road nilimwambia mara mbili.

Mtoto alikuwa ananitazama kwa furaha ya mshangao. Akaniambia, kwa Kiingereza chake, kwamba alidhani nitakasirika.

"Nikasirike kwa nini, mwanangu?"

Akanyanyua mabega.

Ni mwanangu aliyeniharibia, tukiwa mezani. Aliuliza nitavaa nini siku ya mechi. Nikamwambia nguo ya rangi za bendera, nyeusi, nyekundu na kijani. Akaacha kutafuna.

"Mama. Unajua mtoto anachezea timu gani?"

"Kenya. Si kasema mwenyewe?"

"Anachezea Kanada. Wasichana wa Kenya wanakuja huku kwa mechi za kirafiki. Atacheza *na* Kenya, Mama. Watapambana."

Nikamgeukia mtoto. "Wewe ulisema utachezea Kenya."

"Ndiyo," akasema, macho makubwa. "Kuchezea. Kama wewe unasema, 'Usinichezee!'"

Basi hapo ndipo nilipoona kosa lilikotoka. Tangu yuko kwenye nepi nimekuwa nikimwambia usinichezee, akificha miwani yangu usinichezee, akikataa kula usinichezee. Kwake yeye kumchezea mtu ni kumkabili. Angetaka kunitangazia vita angesema vilevile. Mwanangu alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka.

"Kwa hiyo unakwenda kuichezea Kenya shere," nikasema.

Hilo hakulijua maana, lakini uso wangu aliujua. Akauliza kama nitakuja.

"Nitakuja. Lakini nitakaa na Kenya."

Alisema okei, akabeba sahani yake akaenda kula chumbani. Mwanangu akaacha kucheka. "Mama, huyu kazaliwa hapa."

"Na mimi nimezaliwa wapi?"

"Anakutaka wewe uwepo. Hajamuulizia mtu mwingine."

Nilikuwa na ukaidi wangu, na sikuona kosa lake. Timu ile niliibeba wakati watu wote wameitua. Sasa imepata wasichana wenye nguvu, wanavuka bahari kuja mpaka mlangoni kwangu, halafu mimi nikae upande wa pili nikiwaombea waanguke? Lakini pia nilimsikia mtoto chumbani, kijiko kinagonga sahani na haongei na mtu, na yeye huwa haachi kuongea.

Ilibidi nimpigie dada yangu kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo la nadra. Kisha akasema, "Na mimi nimeshawaambia watu wote! Nguo zimeshonwa! Sasa tutasemaje?"

"Sema ukweli."

"Aibu gani hii. Basi hiyo siku na ashindwe tu, apigwe mapema, arudi nyumbani yaishe."

"Ulimi wako ukatike!" nikasema. "Mjukuu wangu ashindwe? Mtoto ameamka alfajiri miaka yote hii ashindwe ili wewe usione haya kwa majirani?"

"Si ni wewe unayekaa na Kenya?"

"Nikae ninapokaa, hayakuhusu!"

Nikakata simu. Nilikaa kitandani nikijisikiliza. Maneno yalitoka yenyewe, sikuyatafuta. Hata hivyo siku ya mechi nilivaa rangi za bendera, maana nilishasema, na mtoto aliziona mlangoni asubuhi. Alifunga mkoba wake akatangulia kwenye gari.

Uwanja ulikuwa wa manispaa, nyasi zimekatwa vizuri, upande mmoja miti na upande mwingine maegesho ya magari. Wakenya walikuwa kikundi kidogo na viti vyao vya kukunja, termosi za chai, na bendera moja kubwa ambayo kijana mmoja mwenye ndevu aliivaa begani kama shuka. "Karibu Nyanya, kaa hapa kuna kivuli." Nikakaa. Mwanangu akaenda kukaa ng'ambo na wazazi wa Kanada, tukawa tunatazamana kama tumeachana.

Kenya walipiga kwanza, wakapiga vizuri. Nilishangilia kila pigo na sikuona haya. Wasichana wale walikimbia kama wanafukuzwa na nyuki. Kisha zamu ya Kanada ikafika, wawili wakatoka haraka, na mjukuu wangu akaingia na gongo lake, kofia ngumu imemfunika uso. Nikaacha kushangilia.

Mdakaji wa Kenya, yule anayesimama nyuma ya vijiti, alikuwa na sauti ya kuuza samaki. Akawa anampangia mrushaji wake kwa Kiswahili, wazi, kama yuko sebuleni kwao. "Huyu anapenda mbele! Mpe fupi! Mpe ya mbavu, ataruka kama panzi!"

Nilimtazama mjukuu wangu shingoni. Nikimsengenya kwa dada yangu kwenye simu, nikidhani hasikilizi, shingo yake hukakamaa hivyohivyo. Amesikia. Mpira ukaja mfupi, ukadunda mbali naye ukapanda mbavuni. Yeye alikuwa ameshasogea nyuma nusu hatua akiungoja, akauzungushia gongo, na mlio ule niliujua kabla sijauona mpira. Ukaenda mpaka kwenye miti.

Kigelegele kilinitoka nikiwa katikati ya bendera ya Kenya.

Viti vyote vikageuka. "Nyanya," akasema kijana mwenye ndevu, "wewe ni wa wapi?"

"Mombasa."

"Sasa huyo unampigia kigelegele cha nini?"

"Ni mjukuu wangu."

"Yule? Na anasikia Kiswahili?"

"Anasikia chote, isipokuwa ukimwambia aoshe vyombo."

Wakaangua kicheko, na yule kijana akasimama akauzungushia mdomo viganja. "Wasichana! Fungeni midomo! Huyo ni mtoto wa nyumbani!"

Mdakaji alimtazama mjukuu wangu kuanzia viatu mpaka kofia. "Kumbe unasikia?"

"Nasikia," akajibu mtoto, na nilimwona anatabasamu ndani ya vile vyuma vya kofia.

Alipiga mipira mingi baada ya hapo, na mimi nilishangilia kila mmoja, na wale Wakenya wakawa wananizomea kwa mapenzi. "Msaliti! Mnyang'anyeni chai!" Kanada wakakaribia kabisa kushinda. Ndipo mdakaji akamwita mrushaji, akamwambia neno kwa Kijaluo. Mpira ukaja polepole, mrefu, wa kuhadaa, ukadunda karibu na miguu yake. Mjukuu wangu alikuwa ameshasogea nyuma kuungoja mfupi. Nikasikia vijiti vinaanguka.

Nilisimama. Sikujua nimesimama kwa ajili ya nani. Baada ya hapo Kanada hawakusimama tena, na Kenya wakashinda. Kijana mwenye ndevu akanivuta nicheze nao, nikacheza kidogo, kwa kweli nilicheza, magoti yangu yaliumia siku kadhaa. Nilikuwa nimeingoja furaha ile muda mrefu. Lakini nilimwona mtoto anakuja peke yake kwenye nyasi, gongo analiburuta, nikawaacha na bendera yao nikaenda kumchukulia mkoba.

Kwenye gari alikaa nyuma nami, kageukia dirisha. Akasema niende tu nikasherehekee na wenzangu.

"Nimefurahi," nikamwambia. "Sikufichi. Na vile vijiti vyako vilipoanguka niliumia pamoja nawe, hilo nalo sikufichi. Wewe nuna. Nuna mpaka tufike Markham Road, mimi huku nitafurahi polepole."

Akanuna. Mwanangu akaendesha bila redio. Tulipokaribia taa za Markham Road mtoto akageuka, macho mekundu.

"Nyanya, alisema nini? Kabla mimi kutoka?"

"Sijui, mwanangu. Kijaluo kinanipita na mimi."

Akanikazia macho, akipima kama namficha kwa ajili ya timu yangu. Nikamwapia. Akafikiri.

"Wewe pia hujui," akasema, na akaniegemea.