Simba Mwenye Mikia Miwili

Juzi fundi alikuja kunibadilishia mlango wa jikoni. Alipoanza kung'oa misumari ya zamani, mmoja ulilia. Sijui kama mnaujua mlio huo, wa msumari uliokaa miaka mingi ndani ya mbao kavu ukivutwa na koleo: unaanza kwa kulalamika, kisha unapiga ukelele na kuachia. Fundi aliendelea na kazi yake. Mimi niliweka kikombe chini nikacheka peke yangu, kwa sababu mlio huo niliusikia nikiwa na miaka kumi, sokoni Nyamache, na mpaka leo sijasikia muziki ulionipendeza kuliko ule.

Niwaambie kwanza habari za Mwalimu Odera. Alitoka upande wa ziwa, hakujua Kigusii, kwa hiyo tuliongea naye Kiswahili, chake kizuri na chetu cha kuungaunga. Watu wengine hukusanya vitabu. Yeye alikusanya makosa ya pesa. Katika kisanduku kilichotandikwa pamba alikuwa na senti tano ambayo herufi zake zilipandana, na senti kumi yenye mstari mwembamba uliokatiza taji la mfalme. Alitueleza kwamba sarafu haichongwi moja moja. Kuna chuma kigumu kilichochorwa ile picha, na chuma hicho ndicho kinachogonga kila sarafu huko kiwandani. Kikiwa na kosa, kosa hilo huonekana kwenye kila sarafu kiliyoigonga, mpaka kitupwe.

"Mimi natafuta kosa la chuma," alisema. "Shilingi iliyokanyagwa na lori sitaki."

Aliyemletea kosa ambalo hakuwa nalo alipewa penseli mpya. Basi nikashikwa na ugonjwa. Hakuna pesa iliyopita nyumbani kwetu bila mimi kuigeuzageuza juani. Mama, ambaye alikuwa akiuza ndizi, alikuwa akirudi kutoka sokoni miguu imejaa vumbi, na kabla hajaketi mimi nimeshamnyooshea mkono. "Huyu mtoto ataolewa na pesa," alikuwa akimwambia shangazi, wakicheka.

Halafu siku moja nikampata. Kwenye shilingi za wakati ule kulikuwa na simba amesimama mbele ya milima. Simba wa shilingi hii, ambayo Mama alipewa na mkulima mmoja wa maua ya pareto aliyenunua mkungu, alikuwa na mikia miwili. Mkia wa pili ulikuwa mwembamba, ukichungulia nyuma ya ule wa kwanza, lakini ulikuwepo, na nilipouona nilihisi masikio yangu yanawaka moto. Nilimsihi Mama asiitumie. Alisema chumvi imekwisha na mafuta ya taa yamekwisha, na shilingi ni hiyo hiyo.

Nikamfuata dukani kwa Mzee Nyakundi nikinung'unika njia nzima. Chumvi ilipimwa, ikafungwa kwenye karatasi. Mama alipoweka ile shilingi juu ya meza ya duka sikuweza kujizuia. Na nitasema ukweli, sikuwa naipigania shilingi tu. Duka lilikuwa limejaa watu na nilitaka wote wajue macho yangu ni makali.

"Mzee, usiitoe hiyo kwa mtu!" nilisema kwa sauti. "Nitakuja kuikomboa. Angalia, simba wake ana mikia miwili!"

Mzee Nyakundi hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa ametapeliwa mara mbili mwaka ule kwa shilingi bandia, na kidonda kilikuwa bado kibichi. Aliishika, akaisogeza karibu na pua, akaona. Uso wake ukabadilika. Akaifungua ile karatasi, akarudisha chumvi kwenye gunia, taratibu, watu wote wakitazama. Kisha akachukua nyundo na msumari, akaigongomea ile shilingi kwenye ubao wa meza yake, katikati kabisa, msumari ukapita tumboni mwa simba.

"Ikae hapo," alisema, "ili kila mtu aijue pesa bandia ya Moraa."

Moraa ni mama yangu. Alinishika mkono tukatoka. Alinishika tu, hakunifinya, na ningependa angenifinya.

Kila aliyekwenda kununua kiberiti aliuliza habari ya ile shilingi, na kila aliyeuliza alijibiwa. Jumapili iliyofuata viongozi wa kina mama kanisani, ambao Mama ndiye aliyekuwa akiwawekea pesa za mabati ya paa jipya, walimwambia kwa upole "apumzike kidogo." Alikabidhi kibuyu alichokuwa akitunzia pesa hizo, akaimba nyimbo zote mpaka mwisho. Mimi sikuimba. Nilijua ni mdomo wangu uliomfikisha pale, na niliona aibu.

Nikaenda kulia kwa Mwalimu Odera. Alinisikiliza, akanipa leso yake.

"Kemunto, kile chuma hakikugonga shilingi moja kikaenda kulala," alisema. "Zipo nyingine. Lakini ukileta ya pili kutoka mfukoni mwa mtu, watasema hata hiyo imetengenezwa na tapeli yule yule. Lazima itoke mikononi mwa serikali, watu wakiona."

Tulitafakari pamoja ile shilingi ilitoka wapi. Ilitoka kwa mkulima wa pareto. Naye alilipwa na karani wa serikali aliyekuwa akija Nyamache mara moja kwa mwezi na mfuko mzito wa turubai kutoka benki Kisii, umefungwa kwa lakiri nyekundu, ukifunguliwa mbele ya watu wote. Shilingi mpya husafiri pamoja, Mwalimu alisema. Akanipa kioo chake cha kukuzia, akakifunga kwa uzi shingoni mwangu kana kwamba ananivisha nishani.

Siku ya malipo nilisimama pale walipopita waliokwisha kulipwa kwenye meza ya karani. Sasa hapa inabidi mwelewe jinsi wanawake wetu walivyokuwa na pesa. Mwanamke alipolipwa pareto yake alifunga ngumi kabla hata ya kugeuka kutoka mezani, na ngumi ile ilikwenda moja kwa moja kwenye ncha ya kanga, pesa zikafungwa mafundo mawili. Mume hakuonyeshwa. Mama mkwe hakuonyeshwa. Na mimi, kitoto cha ndizi chenye kioo shingoni, nikawa nawaomba wafungue mikono.

"Ya nini?" aliuliza wa kwanza.

"Natafuta simba mwenye mikia miwili, mama."

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Moraa. Wa ndizi."

Aliniangalia kwa muda. Kisha ngumi ikafunguka. Nikaangalia shilingi zake moja moja, mkia mmoja, mkia mmoja, nikamshukuru. Wa pili akauliza vile vile, na wa tatu, na wote walipojibiwa walifungua. Jua likapanda. Kioo kiliteleza kwa jasho la vidole vyangu. Foleni ilikuwa inakaribia kwisha, wakabaki kama watu wanne, ndipo bibi mmoja mzee aliyenuka moshi na ugoro akanyoosha mkono mbele yangu kabla sijamwomba.

"Angalia upesi, mjukuu wangu, nina njaa."

Mkia. Na nyuma ya mkia, mkia.

Nilipiga yowe. Karani aliruka kitini akidhani kuna mwizi. Nilimkokota yule bibi hadi mezani, naye alikuja bila kuachia shilingi yake, nikaeleza yote kwa pumzi moja, nusu Kigusii nusu Kiswahili. Karani alikasirika kwanza, kwa maana nani anapenda kuambiwa na mtoto kwamba pesa za serikali zina kasoro? Lakini wanawake walikuwa wameshatuzunguka, na hawakuwa na haraka ya kuondoka. Akachukua kioo. Akatazama shilingi ya bibi. Akatia mkono mle mle kwenye mfuko wa turubai, akamwaga zilizobaki mezani, akaanza kutafuta mwenyewe, na punde akainua moja juu.

"Hii hapa nyingine," alisema, sasa akicheka. "Nimeutoa mfuko huu benki leo asubuhi. Nani anasema ni bandia?"

Tulikwenda kumwonyesha. Duka lilikuwa ng'ambo ya uwanja tu, na nadhani Mzee Nyakundi hajawahi kupata wateja wengi hivyo kwa mara moja. Mtu alikimbia kumwita Mama. Karani aliweka shilingi yake kando ya ile iliyogongomewa, akampa Mzee kioo. Alitazama huku, akatazama kule, akatazama huku tena. Halafu akainama chini ya meza akatoka na koleo.

Ule msumari ulilia! Ulilia ukisikika mpaka penye ndizi, na wanawake wakaujibu kwa vigelegele.

"Nimekukosea, Moraa," Mzee Nyakundi alisema, na alisema akimtazama. Akatoa shilingi nzima kwenye droo yake akampa pamoja na ile yenye tundu.

Mama alizitazama zote mbili. Akairudisha ile nzima mezani.

"Nipimie chumvi yangu ya siku ile," alisema. "Na usisahau chenji."

Jumapili kile kibuyu kilirudi mapajani mwake. Mwalimu Odera alipewa shilingi ya yule bibi, baada ya kumbadilishia kwa nyingine na kumwongezea ugoro, nami nikapata penseli mbili. Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushindi wa macho yangu.

Ilibidi nami niwe mwanamke mwenye pesa yake kidogo, niifunge kwenye ncha ya kanga, nijue ninavyoificha hata kwa ninaowapenda, ndipo siku moja nikashtuka na kuuliza: wale wanawake walifunguaje mikono? Hawakujua simba wala chuma. Walikuwa wamekwisha kusikia kwamba Moraa ana pesa bandia, maana nani hakusikia? Na bado waliuliza jambo moja tu, mimi ni mtoto wa nani, na walipojibiwa, ngumi zikafunguka moja baada ya nyingine. Nilitoka asubuhi ile kwenda kulitafuta jina la mama yangu. Nililikuta kwenye kiganja cha mwanamke wa kwanza, na sikulitambua, kwa kuwa nilikuwa nimeinamia mkia wa simba.