Kofia ya Mkwe Katika Pipa la Miwati

Miaka ile ya hamsini nilikuwa na cheti cha shule ya usiku ya Kihesa, na cheti chenyewe kilikaa mfukoni hata nikienda chooni. Mtu akiniuliza saa, nilimjibu kwa sayansi. Kazi yangu ilikuwa kutunza mapipa katika kiwanda kidogo karibu na Igowole, huko Mufindi, tulikochemsha magome ya miti ya miwati kupata maji mekundu ya kutengenezea ngozi. Pipa kubwa kuliko yote, la kupozea maji hayo, lilikuwa la mbao, refu kama kanisa, ukitoa msalaba. Chini yake, katikati, bomba lilipuliza upepo kutoka kwenye pampu, mapovu yapande na kuvuruga maji ili mashapo yasigande.

Siku hizo nilikuwa nimetuma mshenga. Binti alikwisha kubali, kasoro baba yake, mzee wa kanisa kutoka upande wa Mbeya. Alikuwa amesikia kwamba huyu mchumba ni msemaji kupita kiasi, na mtu wa namna hiyo hakumtaka nyumbani kwake. Akapanda lori, akala vumbi lote la Igawa, aje anione mwenyewe kabla ya kutoa jibu. Alishuka na kofia ya pama ya kijivu, ambayo njia nzima aliipakata ndani ya kitambaa kama mtoto mchanga.

Kwetu Iringa, mbele ya mkwe hata kukohoa unakufikiria kwanza. Mimi nilimpandisha ngazi hadi juu ya pipa, nikafungua mdomo, na sikuufunga tena. Nikamweleza kwamba upepo ni mwepesi na hupanda, kwa hiyo chochote kilichomo humu hupanda nao, kiwe katikati, kiwe pembeni.

"Humu hakizami kitu, baba," nikamalizia.

Ndipo upepo mwingine, ule wa Mufindi usio na cheti, ukaichukua kofia yake.

Ilitua ukingoni kabisa, ikajigeuza kidogo, ikazama.

Mwenye pampu, rafiki yangu, alikuwa chini anasikia yote. "Profesa, nizime?"

"Acha. Upepo utaileta hapa hapa."

Nikachuchumaa pale ilipozamia, mkono tayari. Kofia ikaibuka katikati, mbali na mkono wangu, ikaelea polepole kuja ukingoni, na nilipoinama kuidaka ikapiga mbizi mbele ya vidole vyangu kama bata. Ikaibuka tena katikati. Mzee aliitazama kofia, akanitazama mimi, akarudi kwenye kofia, nami nikaona kabisa harusi yangu inazunguka mle pamoja nayo. Ilipokuja tena, nikajinyoosha zaidi.

Nikatumbukia.

Mimi huogelea kama jiwe la kusagia. Maji yalinishika ubavuni mwa mbao, yakanishusha wima, nikadhani natokea bondeni kule Usangu. Kule chini yakanisukuma katikati, mapovu yakanipokea na kunipandisha hadi nikaliona jua. Hapo ndipo nilipoelewa: mapovu hujikusanya katikati na kupanda na maji, maji yakifika juu hayana pa kwenda ila pembeni, na pembeni ndiko yanakoshukia.

Kofia nayo ilikuwa inapanda, jirani yangu kabisa. Nikaikumbatia. Mwenye pampu akazima, akapanda mbio, akaninasa kwa ndoana ya kuopolea magome, suruali ikapasuka nyuma kote. Nikasimama mbele ya mkwe nikichuruzika, mkono mmoja unakabidhi kofia, mwingine unafunika yaliyobaki.

Mzee akaikamua, akaivaa. Wekundu ukamtiririka hadi kwenye kola.

"Ulisema humu hakizami kitu."

"Nilisema, baba."

"Wewe ulizamia wapi?"

"Pembeni, baba."

"Ukatokea wapi?"

"Katikati."

Akangoja. Alikuwa ananingoja nieleze sababu, na kwa mara ya kwanza maishani sababu nilikuwa nayo, kamili, ila koo lilikuwa limejaa miwati. Nikafumba mdomo. Tukasimama hivyo, yeye na kofia yake, mimi na matone yangu.

Mwishowe akamgeukia mwenye pampu. "Kumbe huwa ananyamaza," akasema. "Mshenga wenu na aje."

Kofia ile aliivaa kwenye harusi. Ilikuwa na rangi ya kiatu kipya, na bwana harusi alikuwa na rangi hiyo hiyo hadi kwenye kucha.