Turbo ya Kupandia Nkoaranga

Wapo wanaokumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi. Mimi naukumbuka kwa harufu ya dizeli ndani ya beseni la kufulia. Juzi nilipita kwenye gereji moja mjini Arusha, nikamkuta fundi akisugua pistoni kwa mswaki uliochakaa. Ile harufu iliponifikia nilisimama katikati ya njia, bodaboda akanipigia honi, akanisonya, akapita. Sikumlaumu. Angejuaje kwamba kwa dakika ile nilikuwa mtoto wa miaka tisa, nimekaa barazani kwetu Terrat, namtazama Mama akililia beseni lake?

Pikapu yetu tuliiita Jiko, kwa kuwa ilitoa moshi kuliko kuni zilizonyeshewa. Babu aliinunua ikiwa tayari imezeeka, na alipofariki akawaachia wanawe wawili. Baba yangu, Elisante, ndiye aliyekuwa dereva. Alishusha ndizi, maziwa na kahawa kutoka Meru kuja mjini, akapandisha sukari na mabati. Kaka yake, Baba Mkubwa Anaeli, ndiye aliyekuwa fundi. Aliishi na Bibi kule chini ya kilima cha Nkoaranga, chenye kanisa na hospitali juu yake, na kila Jumamosi alikuja Terrat na mfuko wake wa spana. Nilikuwa nikimkimbilia getini, “Shikamoo Baba Mkubwa!” naye akijibu, “Marahaba, mama,” huku sikio lake likiwa limeshaelekea kwenye injini. Mmoja aliharibu, mwingine akatengeneza, na Jumapili wote tulikula kwa Bibi. Kwangu mimi, dunia ilikuwa haina kasoro.

Mwaka uliofuata msiba wa Babu, Jiko lilianza kunywa oili kama mzee anavyokunywa chai. Geji ya kilomita ilikuwa imechoka kuhesabu tangu kabla sijazaliwa, kwa hiyo hakuna aliyejua lilikuwa limetembea kiasi gani. Baba Mkubwa alisema injini ifumuliwe yote. Ikashushwa kwa mnyororo uliofungwa kwenye mparachichi nyuma ya nyumba, na vyuma vyake vikatandazwa juu ya gunia, pistoni zote nne zimepangwa kama watoto wa shule mstarini. Hapo ndipo beseni la Mama lilipochukuliwa, na halikurudi tena kwenye kazi ya nguo. Bloku la injini likapelekwa mjini kuchongwa upya, likarudi linang'aa kwa ndani hata nikaona pua yangu.

Kisha Baba akasema anataka turbo. Kwa asiyeijua, turbo ni chuma kilichojikunja kama konokono. Moshi unaotoka kwenye injini hukizungusha, nacho husukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda, na gari lenye kifua kidogo likapata pumzi ya gari kubwa.

“Elisante, hii injini ni mzee aliyetoka kuugua,” Baba Mkubwa akasema. “Mzee wa hivyo hupewa uji. Wewe unataka kumpa pilipili.”

“Nataka ipande mlima ikiwa na mzigo, kaka. Basi.”

Baba Mkubwa akatikisa kichwa, lakini akakubali. Aliitafuta turbo kwa wauza vyuma chakavu hadi akaipata, akaunga bomba lake mwenyewe, akaitengenezea mrija wa oili, akaweka gasketi nene kichwani mwa injini ili ivumilie. Alipomaliza alitoa masharti mawili. La kwanza, ringi mpya, zile pete za chuma zinazoziba pistoni ili nguvu isivuje, zizoee kwanza: tuende Kisongo na kurudi, barabara ya tambarare, bila mzigo, mpaka yeye aseme imetosha. La pili, injini ikitoka kukimbia isizimwe papo hapo, maana turbo bado ina moto, na ukizima, oili inakatika nayo inaungua. Iachwe ingurume pole pole mpaka ipoe. Na kwa kuwa alimjua mdogo wake hana subira, alimwamuru aimbe pambio zima, beti zote, kabla hajagusa ufunguo.

Basi kila tuliporudi kutoka Kisongo, mimi na Baba tuliketi ndani ya gari lililosimama uani tukiimba kwa sauti kuu, na majirani wakaamini tumeokoka kuliko wao. Nilipenda zile safari. Turbo ilikuwa na mluzi mwembamba, na Baba alipousikia alikuwa akinikonyeza.

Ikaja Jumapili ya kipaimara. Tulikuwa tumefika kwa Bibi asubuhi, pikapu tupu, kwa mwendo wa maharusi. Baba Mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuwa ameshatangulia juu kanisani. Mara kwaya nzima ikatukuta mbele ya nyumba ya Bibi, imevaa majoho, imechelewa, na kilima kiko mbele yao. Wakamwomba Baba lifti. Najua mtakachosema, lakini jaribuni ninyi kuwanyima kwaya lifti siku ya kipaimara, huku mama yenu mzazi anawatazama. Wakapanda, na ngoma zao, na mikungu miwili ya ndizi ya sherehe.

Kilima kilipoanza Baba aliinamia usukani. Alikanyaga mafuta mpaka mwisho, turbo ikapiga mluzi, migomba ikatupita mbio, na kwaya nyuma ikapiga vigelegele. Nilimgeukia nikingoja anikonyeze. Uso wake ulikuwa mkavu, meno ameyauma, kama mtu anayebeba kitu kizito.

Tulifika juu tukiwa washindi. Lakini mchungaji alikuwa amesimama nje ya mlango wa kanisa, mikono ameiinua juu ya vijana wa kipaimara, anaomba. Vichwa vyote viliinama isipokuwa vilivyotugeukia sisi na ngurumo yetu. Niambieni, Mlutheri gani angeiacha dizeli ingurume juu ya sala ya mchungaji? Baba akazima. Hatukuimba hata mstari mmoja.

Baada ya ibada alipoiwasha, ule mluzi ulikuwa umegeuka kuwa kilio cha chuma, moshi wa buluu ukaufunika uwanja wa kanisa, kikasikika kishindo, kisha kimya. Baba Mkubwa alikuja na suti yake, akafungua boneti.

“Uliimba?”

“Mchungaji alikuwa anaomba, kaka.”

“Na hao watu uliowapakia?”

Watu walikuwa wametuzunguka, na aibu ya Baba ikageuka hasira. “Fundi gani wewe,” akasema, “unayetengeneza injini inayoogopa mlima huu?”

Baba Mkubwa alifunga boneti taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Akaondoka kwa miguu, hakula sherehe.

Jiko likavutwa kwa kamba hadi Terrat. Jumamosi ikapita bila spana, ikapita nyingine, na milo ya Jumapili kwa Bibi ikakatika. Mama, ambaye ni Mchaga na hana simile, alimwambia Baba kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akashukuru kwamba safari hii lililovunjika ni turbo. Lakini majirani walipoanza kumshauri Baba agawane mali na kaka yake, Mama huyohuyo aliwakatiza: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Hawakulima, walikaa kusubiri. Baba akampata mnunuzi wa Kisongo atakayelichukua Jiko kwa ajili ya vipuri, aje Jumamosi. Nililia chini ya mparachichi. Gari sikulijali sana. Niliogopa kwamba likishaondoka, Baba Mkubwa hatakuwa na sababu ya kuja kwetu tena maishani.

Jumamosi yenyewe, kabla ya mnunuzi, aliyesimama getini alikuwa Baba Mkubwa, na suti ileile ya kanisani. Mkononi hakuwa na mfuko wa spana. Alishika jani la isale.

Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda mipakani. Kwetu Meru, kama kwa Wachaga, mtu akikuletea jani lake anakuomba msamaha, na hata angekuwa amekuchomea nyumba, huwezi kulikataa. Nilichanganyikiwa kabisa. Mkosaji si alikuwa Baba? Tena mkubwa anamletea mdogo?

“Kaka, usifanye hivyo,” Baba akasema, akarudi nyuma.

“Pokea, Elisante. Usiku ule wa mwisho, tulipompeleka Baba yetu hospitali, gari likatushinda pale kilimani, nilikuwa najua ringi zimekwisha. Nilijua tangu mwezi wa nyuma. Nikasema tumalize kwanza kubeba kahawa, ndipo nizibadilishe.” Akalinyoosha jani karibu zaidi. “Uliposema ‘mlima huu’ pale kanisani, nilijua umejua.”

“Sikujua,” Baba akasema. “Sikujua, kaka. Mimi nilidhani niliweka gia vibaya. Mwaka mzima nawaza, ningeweka gia nyingine…”

Akalipokea jani kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona baba yangu akilia, na siku ile niliwaona wawili. Mama alinivuta ndani akaniambia nikachochee moto wa chai, na moto wenyewe ulikuwa unawaka vizuri tu. Mnunuzi alipokuja na kamba yake alikuta injini imeshafunguliwa na wanaume wawili, mmoja na suti, wote na jasho, wameiinamia. Alibisha hodi mara kadhaa, akachoka, akaenda zake.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kichekesho cha kwaya na sala ya mchungaji, na watu walicheka. Mpaka tulipomzika Baba Mkubwa, mwaka huu, nikamwona Baba amesimama peke yake pembeni ya kile kilima akikitazama, ndipo nilipoelewa walichokuwa wakifanya pale chini ya mparachichi wetu, na ringi zao mpya, na turbo yao ya chuma chakavu. Babu alikuwa ameshazikwa, na wanawe walikuwa bado wanampandisha hospitali.