Gunia Linanenepa, Mimi Nakonda

Benchi langu la kamba wakavu liko mstari wa pili wa soko, karibu na mlango wa wauza maua. Alilikalia bibi, akalikalia mama, nami nikaanza kulikalia nikiwa na miaka kumi, maana mama alisema shule haiuzi kamba. Kwa hiyo kusoma sijui. Mizani naijua. Wenzangu wa mstari wakigombana na mteja juu ya kipimo, huja kupima kwangu, na nikishasema, maneno yamekwisha.

Hapa mjini kwetu Juchitán mwanamke mwembamba haogopwi. Muuzaji anatakiwa awe na mwili, aijaze blauzi yake ya maua, akipita katikati ya mabenchi watu wapishe. Nilipoolewa na Cirenio nilikuwa na kilo sabini, na mama mkwe akalalamika kwamba mwanawe amepewa mfupa. Baada ya watoto watatu hakulalamika tena. Miaka ishirini na minane nilimlisha Cirenio kwa kamba wangu. Siku aliyohamia kwa mwanamke wa ng'ambo ya mto alichukua bembea mpya ya kulalia, akaniachia ile iliyokatika nyuzi.

Goti la kulia lilianza kunikataa mwaka huohuo. Watu walisema ni huzuni. Haikuwa huzuni, ilikuwa kilo mia moja na sita. Mwezi wa Desemba nilianguka palepale sokoni, mbele ya wateja, nikabebwa na wauza maua wanne wakihema. Jioni akaja Herlinda, dada yake Cirenio.

"Wifi, wewe pumzika," akaniambia. "Nitakukalia benchi siku mbili tatu."

Kwetu benchi la soko halina karatasi. Ni la anayelikalia. Mwenyewe akifa, au wanawake wa mstari wakiridhika kwamba hatarudi, linabaki kwa aliyelishika. Herlinda alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua sala zake. Nami nililijua, lakini nilikuwa nimelala chali na mguu umevimba kama papai, ningefanya nini?

Daktari wa zahanati, binti mdogo mwenye miwani, alilitazama goti akatikisa kichwa.

"Mama Eduviges, hili limeisha. Linatakiwa liwekwe la chuma. Lakini kwa uzito huu hakuna atakayekubali kukupasua."

"Unataka nipungue kiasi gani?"

"Kilo ishirini. Ukifika themanini na sita, njoo nikuandikie siku."

"Kilo ishirini za kamba ni mzigo wa punda, mwanangu."

"Na goti lako ndiye punda, mama."

Nilimchukia siku nzima. Kesho yake nikaona kwamba kanieleza jambo kwa lugha yangu.

Jirani yangu Amalfi, aliyemsimamia binti yangu ubatizoni na ambaye kwa hiyo tunaitana komadre, anaoka totopo, ile mikate mikavu ya mahindi. Tanuri lake la udongo liko nyuma ya ukuta wangu, na kila alfajiri harufu iliruka ukuta kuja kunitafuta. Nilimwambia: kuanzia leo usinipitishie hata moja. Akadhani tumegombana. Nilipomweleza akacheka mpaka akaunguza vidole.

"Komadre, kilo ishirini! Utazitoa wapi?"

"Zipo. Nitazame vizuri."

Niliacha soda, ambayo nilikuwa nakunywa kama maji. Niliacha mkate mtamu wa asubuhi na mafuta ya nguruwe. Kila Jumatatu, kabla ya kahawa, Amalfi alinishika mkono tukaenda ghala la ufuta la mzee Rosendo, nikapanda kwenye mizani ya magunia. Nguo ileile kila mara, viatu pembeni. Mzee Rosendo aligeuka kutazama ukutani, kwa heshima, na mimi mwenyewe nikasogeza jiwe la mizani.

Sasa, mtu aliyesoma angeandika kwenye daftari. Mimi nilichukua gunia tupu, nikaliweka pembeni ya jiko. Wiki ya kwanza nilipungua kilo mbili. Nikapima kilo mbili za mahindi, nikazimimina humo. Wiki ya pili kilo moja. Ya tatu hakuna kitu, gunia likabaki lilivyo, nikalitazama wiki nzima kama mtu aliyenikosea. Ya nne nusu kilo, nikapima nusu kilo, sikuongeza hata punje ya kujifurahisha. Wateja sijawahi kuwaibia kamba, nijiibie mwenyewe?

Ndilo lililonishikilia, gunia lile. Nikisikia harufu ya totopo, nililiinua kidogo kutoka sakafuni, nikalishusha. Nikikumbuka bembea mpya na nani analala ndani yake, niliinua tena. Na nilitembea. Mwanzoni hadi kona tu, na fimbo, nikilaani. Mwezi wa Machi nilifika tanuri la matofali. Upepo wa kaskazini ulikuwa mkali, na wafyatua matofali walinipigia kelele: "Mama Eduviges, tia mawe mfukoni, utaokotwa Guatemala!" Niliwajibu kwamba nikiokotwa huko nitapata mume bora kuliko baba zao.

Mei ni mwezi wetu wa sherehe, kila mtaa una usiku wake. Ukikaa kwenye kiti, unaletewa sahani, na sahani haikataliwi. Kukataa ni kumwambia mwenye sherehe kwamba jiko lake chafu. Wenye akili huja na ndoo ndogo, wanapokea, wanashukuru, wanamimina ndani. Nilifanya hivyo sherehe mbili. Ya tatu Cirenio aliingia na yule mwanamke wake, amevaa mkufu ninaoujua. Ndoo niliisahau. Nilikula kamba, nikala nyama, nikala keki ya watu ambao siwajui.

Jumatatu mizani ikasema kilo tatu zimerudi.

"Mizani ya ghala ni mbovu," Amalfi akasema. "Acha gunia lilivyo, komadre. Nani atajua?"

"Mimi."

Nilichota kilo tatu, nikazirudisha kwenye pipa la mahindi. Kuzitia kulikuwa kumenichukua wiki sita. Kuzitoa, muda wa kuchemsha yai. Sijawahi kulia kwa ajili ya Cirenio kama nilivyolia juu ya pipa lile. Kesho yake nilitembea mpaka kwenye reli, mbali kuliko siku zote.

Septemba gunia lilikuwa na kilo kumi na saba. Mashavu yalikuwa yameingia ndani na blauzi zinaning'inia. Hapo ndipo wageni walipoanza kuja. Wanawake wa sokoni, wawili wawili, wakakaa na mikono mapajani, wakasema kwa sauti ya chini. Mmoja aliniletea maua meupe. Mwingine akauliza kama nimemsamehe kila mtu.

"Sijamsamehe mtu hata mmoja," nikamwambia. "Kwani kuna nini?"

Akafuta machozi, akaondoka. Amalfi ndiye aliyeniletea habari nzima, mbio, na unga mikononi.

"Komadre, wanasema unakufa! Herlinda ametangaza kwamba kaka yake amekuua kwa uchungu, umebaki mifupa. Ameshamuuliza mwoka mikate bei ya mikate ya siku tisa za maombolezo yako! Na kesho mstari unakutana kumpa benchi, kabla sikukuu ya Wafu haijaleta wateja."

Nilikaa chini. Miezi tisa nilijinyima kila kitu ili nirudi kwenye benchi lile, na kila kilo niliyoipunguza ilikuwa inamsaidia Herlinda kulichukua. Ningebaki mnene na kilema, wangenisubiri. Nimekonda, wananizika.

"Tafuta bajaji," nikamwambia Amalfi. "Kesho gunia litapanda bajaji. Mimi nitakwenda kwa miguu."

Nilifika saa nne asubuhi. Herlinda alikuwa kwenye benchi langu, nyuma ya kamba waliopangwa vibaya. Alipiga ishara ya msalaba.

"Wifi! Umetolewa kitandani? Mungu wangu, tazameni shingo, kama ya kuku wa kuchinjwa!"

"Kuku huyu ametembea kutoka nyumbani, wifi. Wewe umekuja na nini?"

Wengine wakacheka, ila Mama Petronila, mkubwa wa mstari, muuza jibini, hakucheka. Alinishika kidevu.

"Eduviges, mwanangu, sema kweli. Ni sukari? Ni uchungu wa yule mwanamume?"

"Yule mwanamume hawezi kunipunguza hata nusu kilo, mama. Nimepungua mwenyewe, kwa makusudi."

"Mtu apungue kwa makusudi?" mwanamke wa nyama akauliza. "Afukuze alichokitafuta?"

Nilimwita Amalfi alete gunia, nikamwomba Mama Petronila alitundike kwenye mizani yake mwenyewe, si ya mtu mwingine. Kilo kumi na saba kamili. Nikawaeleza: hiki ndicho kilichotoka mwilini mwangu tangu Januari, wiki kwa wiki, na mzee Rosendo yupo, aulizwe. Chini kabisa ni Januari. Mei nilikula, nikatoa tatu. Haya ya juu ni ya wiki iliyopita, mvua ilinyesha na nilitembea vivyo hivyo.

"Anayekufa hupungua bila kujua," nikasema. "Mimi kila punje humu naijua imetokana na nini. Na kama Herlinda anaona ni mchezo, alibebe azunguke mstari mara moja. Mimi nilikuwa nalibeba mwilini hata nikienda kusali."

"Libebe, Herlinda!" wakapiga kelele. "Libebe tuone, si unataka benchi?"

Angekataa wangemcheka, kwa hiyo akalinyanyua. Alipita mbele ya nyanya, akapita mbele ya iguana, wale mijusi wakubwa wa kuliwa. Kwenye jibini uso ulikuwa mwekundu. Kwenye maua akaliweka chini, akakalia ndoo ya mtu.

"Nina kiuno," akasema.

"Na mimi nina goti," nikamwambia.

Hapo wakaanza kuja mmoja mmoja kuliinua. Ni wanawake wa mizani. Ukiwaambia maneno watakujibu kwa maneno, ukiwapa uzito mkononi wananyamaza. Mwanamke wa nyama aliinua mara mbili, akajitazama tumbo.

"Ulikuwa unalala na hili juu yako?"

"Na Cirenio juu yake," akasema mmoja nyuma, na soko zima likapasuka.

Mama Petronila alisubiri kicheko kiishe. "Alichotupimia Eduviges hakijawahi kupungua," akasema. "Herlinda, utakaa hapo mpaka mwenyewe arudi. Siku akirudi, unanyanyuka, na hutasubiri kuambiwa."

Kilo tatu zilizobaki zilinichukua mpaka mwisho wa Novemba. Nilimwendea yule binti mwenye miwani, nikasimama kwenye mizani yake, nikamwambia aandike siku. Aliandika. Akaniuliza nani alinisaidia kufuatilia, nikamwambia hakuna, nilijifuatilia mwenyewe.

Nilipasuliwa Februari. Wiki ya Pasaka nilirudi sokoni saa kumi na mbili asubuhi, sina fimbo, na Herlinda alikuwa ameshaondoa vitu vyake. Sasa anauza mayai nje, upande wa jua. Kila siku hupita mbele ya benchi langu akienda kuchota maji, na kila siku namsalimia mimi kwanza, kwa sauti ya kusikika mstari mzima, nikiwa nimesimama.