Mavi ya ngombe za mahari

Nilienda na baba yangu mukubwa kuposa Grâce leo, sasa sijui kama walinipa mwanamuke ao hapana.

Baba ya Grâce aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia niko mekanisien, fundi wa mashini, mu meli kubwa ya bahari, ile inakunywaka gaz, hapana mafuta ya mazutu.

"Na hiyo gaz inatokaka wapi?"

Mimi mujinga nikajibu: siku hizi ata mu mavi ya ngombe.



Muzee akageukia baba yangu mukubwa: "Kumbe munatuletea ngombe, kisha mutarudia kuchukua mavi?"

Nilicheka. Hakuna mutu mwengine alicheka.

Sasa bazee wote bako inje, banabishana mavi itakuwa ya nani.

Benye mulisha kuoa, hii ni ndiyo ao ni hapana?

Grâce ananiandikia toka jikoni: "Si ungesema tu uko shofere."