Kompyuta ya Mama Upendo Ina Virusi

Mama Upendo alikuwa akichapa kadi za harusi kwa kompyuta yake ya nyumbani, Newala, mpaka flashi ya mteja mmoja ilipoiambukiza. Fundi Ashiru, aliyeitwa kuitazama, akatangaza kibarazani kwa sauti, "Hapa kuna virusi!" Siku hizo ukisema virusi, watu walielewa Ukimwi tu. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unanong'ona. Wateja wakakata mguu. Jirani mmoja alikataa hata kukalia kiti cha Mama Upendo.

"Nunua programu ya kinga ya kulipia, mama," Ashiru akamshauri. "Ya bure haina nguvu."

"Haina nguvu? Wanangu wote walichanjwa surua bure, na hao wanadunda! Niwekee ya bure, kisha nifundishe kuiapdeti mwenyewe."

Ashiru akaiweka. Kompyuta ikapekuliwa, virusi vikafutwa vyote. Mama Upendo hakwenda kumbembeleza mtu. Alichapa karatasi kwa herufi kubwa, akaibandika mlangoni, wanong'onaji wakipita waisome vizuri:

"KOMPYUTA HII IMEPIMWA, NI SALAMA. WEWE JE, UMEPIMA?"